Mabaki

Jumamosi, saa mbili asubuhi, Januari.
Wanafunzi wangu wametoka kazini usiku:
huyu bohari, yule kaunta ya benki,
Nikodem kiwanda cha baiskeli, kidole kimefungwa plasta.
Dirishani theluji inashuka juu ya mto Brda,
inashuka tu, haijaomba fomula.

Nilikuwa nimewaambia: wiki hii sitaki namba za kitabuni,
zile zilizofuliwa zikapigwa pasi.
Leteni namba zenye jasho la mtu.

Kalina akaleta daftari la mama yake,
la duka la mikate nyuma ya stesheni.
Miaka minne kwa penseli. Kurasa zimelowa mafuta,
ukiinua moja unaiona taa upande wa pili.

Tukachora. Mstari ukapanda polepole kama mtu mwenye mizigo,
ukainama kila Agosti, watu wakienda ziwani,
na mara moja kwa mwaka ukaruka hadi darini:
Alhamisi ya mwisho kabla ya Kwaresima,
siku ambayo hata mwenye kisukari
hula andazi la jamu ya waridi, akatubu Ijumaa.

Kisha, Novemba ya mwaka wa pili: sifuri.
"Kosa la kuandika," akasema Nikodem. "Tufute."
Nusura nikubali, maana sifuri moja
huuvuta wastani shati kama mtoto dukani.
Kalina akasema, "Siku hiyo kaka alirudi kutoka melini,
miezi kumi na minne. Mama aliigawa mikate yote.
Haukuuzwa hata mmoja. Haukubaki hata mmoja."

Nikaweka chaki chini.
Miaka kumi na tisa nafundisha makisio
na sijawahi kulisema vizuri hivyo:
kilichouzwa si kilichotakiwa.

"Na hii?" nikagusa kilele.
Alhamisi ya mwaka jana, elfu moja mia moja na arobaini.
"Hapo unga uliisha. Saa saba mchana.
Foleni ilikuwa imefika kwa fundi viatu.
Wakarudi nyumbani."

Hao waliorudi, hakuna aliyewaandika.
Daftari halina safu ya walioondoka mikono mitupu.

Basi tukawatafuta kwa mwendo wa saa za asubuhi,
tukabishana mpaka vioo vikatoa jasho,
tukapata: kati ya elfu moja mia moja na themanini
na elfu moja mia tano na kumi, mara tisa katika kumi.
Niliringa kidogo. Upana ni uungwana, nikasema;
atajaye namba moja pekee
ni mpiga ramli aliyevaa tai.

Jioni mama mtu akapiga simu, nyuma yake sufuria zinagongana:
"Mwalimu, mimi siwezi kukanda 'kati ya'.
Nikande ngapi?"

Swali hilo halimo katika mtihani wangu.
Nikamuuliza: andazi likibaki, unapoteza nini?
(Wasemao akiba haiozi hawajauza maandazi.)
"Likibaki, unga na mafuta.
Likikosekana, Bi Halszka wa ghorofa ya tatu
atanisimanga hadi Pasaka."
Tukapanda juu kidogo ya katikati. Elfu moja mia nne.

Alhamisi nilikwenda mwenyewe, saa kumi na nusu.
Foleni imekwisha. Kaka mtu anafagia.
Kwenye trei ya mwisho maandazi sitini na moja,
nimeyahesabu mara mbili, ndiyo tabia yangu.
Kalina, unga kwenye nyusi, akaninyooshea mfuko wa karatasi:
"Mabaki yako, Mwalimu."

Nikafuata mto kwenda nyumbani,
barafu ikilia chini ya viatu,
nikila kosa langu taratibu.
Lilikuwa bado vuguvugu.
Jamu ikanichuruzika hadi kwenye mkono wa koti.